Unga Hageuki

Jumapili, 7 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, hakuna msiba. Simu yetu imekufa spika, ukiweka sikioni ni kimya kitupu, nimeifungia sandukuni mpaka nipate fundi wa kweli na siyo hawa wabahatishaji wa stendi. Kwa sasa niandikie, usipige.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya lori la nafaka. Unajua uwanja wa mashine yetu ya kusaga ulivyo mwembamba. Lori haliingii ila kinyumenyume, na mimi ndiye ninayesimama nyuma kumwongoza dereva kwa mkono: rudi, rudi, kata kulia, simama. Jana lilimkanyaga yule paka mweupe wa stoo. Sikumwona mpaka yamekwisha. Watu wote wanasema alikuwa kiziwi, eti paka weupe ndivyo walivyo, maana alipigiwa kelele na hakusogea hata kidogo. Mimi pia nasema hivyo hivyo. Ila tangu jana sijatulia, na wewe uliyenifundisha kuandika utaona mwandiko wangu umekuwa wa kuku.

Amebaki mtoto mmoja, wa wiki tatu hivi. Mweupe kama aliyetumbukia kwenye pipa, ndiyo maana Mfupi akampa jina Unga. (Mfupi ni mpakizi wetu wa magunia. Huinama kila mlango, jina tulimpa kwa uchokozi.) Tajiri mwenye mashine amesema: "Huyu naye akiwa kiziwi kama mama yake simtaki uwanjani. Lori la mwezi ujao likija nataka jibu. Akisikia abaki akamate panya. Asiposikia, ampeleke mtu mbali." Mbali ya tajiri naijua, Dada. Ni gunia na daraja.

Nimemleta nyumbani ndani ya boksi. Wifi yako amenuna, lakini maziwa anampa.

Sasa wewe umekaa kliniki ya wanyama miaka kumi na moja, unamshikilia daktari mbwa na ng'ombe. Niambie, mtu anajuaje kama mtoto wa paka ni kiziwi? Na jingine: huyu akiwa kiziwi, si ndiyo hakika kwamba mama yake naye alikuwa kiziwi? Hili la pili ndilo nataka sana kulijua. Nijibu kwa maandishi.

Mdogo wako,
Kitinda


Ijumaa, 12 Machi

Kitinda,

Marahaba. Barua yako imefika, na wenzangu kazini wamenicheka, wanasema nimepata mchumba wa zamani asiyejua kutuma ujumbe. Simu tengeneza. Nimekwambia tangu mwaka jana kwamba ile simu inakusumbua, kila nikipiga unasema "eh? eh?" halafu unakata. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Pole kwa paka. Nakujua, utakuwa umelia kisha ukasema ni vumbi la unga.

Kwanza usiwe na haraka. Mtoto wa paka huzaliwa masikio yamefungwa kama macho. Hufunguka taratibu, na wiki ya tatu ndiyo kwanza anaanza kuelewa sauti imetoka wapi. Ukimpima leo utamwonea. Subiri afike wiki ya tano. Na macho ya bluu yasikutishe, watoto wote wa paka huwa na macho ya bluu mwanzoni. Akikua yakabaki bluu, na ni mweupe wote, hapo tunaanza kumshuku, maana paka wa namna hiyo wengi ni viziwi. Wengi, siyo wote.

Siku ya kumpima, mweke juu ya godoro, siyo sakafuni, kwa sababu kiziwi husikia kwa miguu. Ukikanyaga kwa kishindo atageuka, utafurahi bure. Kaa nyuma yake asikuone wala asione kivuli chako. Usipige makofi karibu na kichwa, upepo wa mkono utamgusa manyoya. Tumia sauti nyembamba na sauti nzito: funguo, kengele, kifuniko cha sufuria. Mtazame masikio, maana paka anayesikia hata kama ni mvivu wa kugeuka atatikisa sikio tu, hawezi kujizuia. Rudia akiwa amelala. Anayesikia ataamka, kiziwi unaweza kumpigia ngoma akaendelea kuota panya. Mtu wa pili awepo, mmoja apige, mmoja atazame. Peke yako utajidanganya.

Na msikilize anavyolia. Kiziwi hajui sauti yake ina ukubwa gani, hulia kwa kelele za kutisha. Hapa kliniki tuliwahi kuwa na mmoja, tulimwita Honi.

Swali lako la pili limenishangaza. Mtoto kuwa kiziwi hakuthibitishi lolote kuhusu mama. Kwa nini unataka sana kulijua hilo? Aliyekufa amekufa. Au kuna kitu hujaniambia?

Dada yako


Jumatatu, 22 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema, isipokuwa la mtu wa pili. Sikutaka mtu wa pili. Watu wa mashine wana midomo.

Jaribio la kwanza nilifanya mashineni saa ya chakula, mashine imezimwa, wenzangu wako nje. Nilimweka Unga juu ya magunia, nikaenda nyuma ya mlango wa stoo, nikaubamiza. Akageuka papo hapo! Nikafurahi, nikataka kukimbilia kwa tajiri. Halafu nikakumbuka neno lako la miguu. Sakafu yetu ni ya mbao, na yale magunia yamekaa juu yake. Mlango ule ukibamizwa hata mimi huusikia kwenye nyayo. Unajua mimi mashine naijua kwa nyayo na kwa kiganja. Naweka mkono kwenye faneli, najua nafaka ina maji, najua jiwe linataka kuchongwa, sihitaji kuambiwa. Mfupi anasema nimeolewa na mashine. Basi jaribio lile nikalifuta.

La pili nimefanya nyumbani kwenye godoro, siku nne mfululizo. Funguo, hageuki. Kifuniko, hageuki. Kengele ya baiskeli niliifungua kwenye usukani nikaipiga nyuma yake, lakini hiyo usiihesabu, nadhani imeshika kutu, haitoi mlio wowote. Akiwa amelala nimempigia kifuniko mpaka mkono umechoka. Hatikisi sikio.

Lakini kuna jambo linanichanganya. Umesema kiziwi hulia kwa kelele. Unga halii kabisa. Tangu nimlete sijamsikia hata mara moja. Akitaka maziwa anasimama mbele yangu, anafungua mdomo wote, ulimi unaonekana, meno yale madogo yanaonekana, na hakuna kinachotoka. Namtazama mpaka nywele zinanisimama. Je, paka anaweza kuwa bubu? Umewahi kumwona wa hivyo?

Nina hofu, Dada. Naamka na hofu, nakwenda kazini nayo. Juzi Mfupi alinishika bega kwa nyuma, nikaruka nikamwaga debe zima. Akacheka, mimi sikucheka. Lori linakuja Jumamosi ya tarehe tatu na tajiri ameniuliza mara mbili habari ya paka. Nikimwambia ni kiziwi atatupwa. Nikimwambia anasikia atakuja kusagwa. Nifanyeje?

Swali lako sikulijibu. Nitalijibu siku nyingine.

Kitinda


Alhamisi, 25 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Utashangaa, mimi na wewe hatuna mazoea ya barua. Simu yenyewe ndiyo hiyo mume wangu kaifungia sandukuni na ufunguo anao yeye. Hata ningeipata nisingepiga, maana nikisikia sauti yako nitalia, na kuta zetu hizi za mbao jirani akikohoa sisi tunasema pole.

Wifi, kaka yako hanitaki tena.

Nasema moja kwa moja kwa sababu nimechoka kuzunguka. Alianza taratibu, kama mwaka sasa. Namwita hageuki. Namuuliza kitu, anajibu kingine, au anatabasamu tu kama mtu anayemtabasamia mgeni. Nikiwa jikoni naongea naye kama zamani, nikigeuka namkuta anatazama ukuta. Nikimuuliza nimekosa nini, anasema "hapana, nimeshiba." Akirudi kazini anakaa na huyo paka wake. Paka anamtazama usoni mpaka nimemwonea wivu, mimi mtu mzima, namwonea wivu paka!

Na paka mwenyewe ni adhabu. Analia, wifi. Siyo kulia kwa paka, ni kupiga yowe. Alfajiri, mchana, wakati wowote. Mama wa chumba cha pili amekuja mara mbili kuuliza kama tunamchinja. Kaka yako anamkalia mbele, paka anapiga yowe la kupasua ukuta, yeye anamtazama mdomoni kwa upole kama anayesoma gazeti. Juu ya hilo ameng'oa kengele ya baiskeli, kila jioni anaipiga chumbani krii krii krii mpaka kichwa kinanigonga. Nikamwomba kwa adabu aache. Hakunijibu. Akaendelea kuipiga.

Sasa nikwambie lililoniuma kuliko yote. Wiki tatu zilizopita, akiwa anafunga viatu asubuhi, nilimwambia nina mimba. Miaka sita tumeomba, wifi, unajua tulivyohangaika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nilikuwa naona haya kama bibi harusi. Nikasema, "Baba, nina mimba." Akafunga kiatu cha pili, akasimama, akanigeukia na lile tabasamu, akasema, "Sawa, nitaleta jioni."

Jioni akaleta chumvi.

Sijamwambia mara ya pili. Mwanamke anasema jambo kama lile mara moja. Naogopa. Naogopa amepata mwingine, naogopa mtoto huyu atakuja kwenye nyumba ambayo baba yake haongei na mama yake. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Niambie tu, wewe uliyemlea, huyu mtu amepatwa na nini?

Mimi wifi yako


Jumatatu, 29 Machi

Wifi,

Barua hii nimempa kondakta wa basi akukabidhi mkononi. Isome peke yako.

Kwanza hongera. Nimepiga kelele hapa mpaka daktari akatoka ofisini. Hongera mno, na samahani kwamba siwezi kukaa kwenye furaha, maana kuna jambo lingine linanitisha.

Nina barua mbili mezani. Moja ya kaka yangu anasema paka halii kabisa, anafungua mdomo bila sauti, ananiuliza kama ni bubu. Nyingine yako unasema paka anapiga yowe. Anasema kengele ya baiskeli imeshika kutu. Wewe unasema inakugonga kichwa. Nimezisoma mara nyingi nikitafuta nani kati yenu anadanganya. Wifi, hakuna anayedanganya.

Sitaki kusema neno kabla halijathibitika. Fanya hivi. Akiwa amekaa kitandani, miguu haigusi sakafu, amekupa mgongo, simama nyuma yake mbali kidogo. Hakikisha kivuli chako hakimfikii na taa iko mbele yako. Usikanyage kwa nguvu. Mwite. Kisha gonga kifuniko kwa kijiko, polepole halafu kwa nguvu. Mtazame mabega, mtu akishtuka mabega hayafichi. Kisha mwite ukiwa mbele yake anakuona midomo, uone tofauti.

Mimi ndiye niliyemwandikia kupima paka kwa njia hii hii. Sasa naogopa majibu ya mtu kuliko nilivyowahi kuogopa ya mnyama.

Nijibu siku hiyo hiyo, mpe kondakta. Jumamosi ni siku ya lori, na anayesimama nyuma ya lori ni yeye.

Wifi yako


Jumatano, 31 Machi

Wifi,

Nimefanya jana jioni, kabla hatujala.

Alikuwa amekaa kitandani miguu juu, paka mapajani. Nikasimama mlangoni nyuma yao. Nikamwita kwa jina lake. Kimya. Nikamwita kwa lile jina ninalomwita tukiwa wawili. Kimya. Nikagonga kifuniko, nikakigonga tena, mara ya tatu nikakipiga mpaka kijiko kikapinda na mama wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Mabega hayakusogea. Wote wawili, wifi, yeye na paka, migongo yao imetulia, anamkuna kidevu. Viumbe wawili mbele yangu, na mimi nyuma yao napiga kelele kama mwendawazimu.

Nikaenda mbele yake nikamwambia, "Chakula tayari." Akanitazama midomo, akasema, "Asante, nakuja."

Midomo. Mwaka mzima nilidhani ananitazama kwa mapenzi, halafu nikadhani ananitazama kwa dharau. Alikuwa anasoma.

Nimelia chooni. Nimejilaumu kwa yote niliyomfikiria, kisha nikamkasirikia kwa kunificha, kisha nikaogopa tena. Kule mashineni hakuna atakayejua, wifi. Nimewahi kumpelekea chakula, nimeona wanavyoishi: mashine ikinguruma kila mtu ni kiziwi, wanaongea kwa mikono. Ngumi juu ni simama, kidole kuzunguka ni zima, kiganja kuvuta ni rudi. Amejificha mahali ambapo hakuna mwenye masikio.

Lakini siku ya lori mashine huzimwa, ili watu wasikilizane. Hilo ndilo linanitoa jasho.

Nilitaka kumwambia jana ile ile. Nikapakua chakula. Nikimwambia na yeye akakataa? Anakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote. Mwandikie, nakuomba.

Wifi yako


Alhamisi, 1 Aprili

Kitinda,

Leo siandiki habari za paka.

Husikii. Usiikunje hii barua, isome mpaka chini. Simu yako si mbovu. Kengele haina kutu. Unga si bubu. Analia mpaka mtaa mzima unamjua, na mtu pekee asiyemsikia ndani ya nyumba hiyo ni wewe. Nimeyatoa haya kwenye barua zako mwenyewe, na mkeo amekugongea kifuniko nyuma ya mgongo, hukutikisika. Usimkasirikie. Ni mimi niliyemtuma.

Nisamehe kwa lile neno la sikio la kufa. Nimelikumbuka tangu juzi na halinitoki.

Najua unaogopa nini. Mzee aliyekuwa kwenye mashine kabla yako, macho yalipopungua tajiri aliagana naye saa hiyo hiyo. Unaogopa kurudi nyumbani na mikono mitupu, fundi wa miaka kumi na tano. Ni haki yako kuogopa. Mimi pia naogopa, sijalala vizuri tangu Jumatatu. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hiki ndugu yangu huenda kisiwe chako. Kitakuwa cha mama yake Mfupi, au cha mke wa mtu yeyote atakayepita nyuma ya lori akidhani wewe una masikio.

Sasa nimeelewa swali lako la pili. Nadhani najua kilichotokea tarehe sita, na nataka unieleze wewe mwenyewe.

Usiongoze lori Jumamosi. Waambie. Usipowaambia wewe, Jumamosi saa nne nitampigia tajiri simu, utanichukia na nitakubali kuchukiwa. Mwezi huu naomba ruhusa, nakuja tukaone daktari wa masikio. Huenda kuna kinachotibika, huenda hakuna, kwanza tujue.

Na kuna jambo mkeo alikwambia ukiwa umempa mgongo. Si langu kulisema.

Dada yako anayekupenda


Jumapili, 4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Niliisoma nikaiweka mfukoni, nikala, nikalala, sikumwambia mke wangu neno. Nilikukasirikia. Nilisema huyu ananipima kama mnyama wake wa kliniki. Nikapanga nitafika kazini mapema, nitaongoza lori, nitawahi kumaliza kabla ya saa nne.

Sasa nikujibu swali lako.

Tarehe sita Machi mashine ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nyuma ya lori upande wa dereva, namvuta kwa kiganja, rudi, rudi. Mfupi alikuwa upande wa pili, kati ya lori na ukuta, anaweka magogo ya kuzuia magurudumu. Gogo likamponyoka, mguu ukanasa. Akapiga kelele, "Simama!" Wanasema alipiga mara nne au tano. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, hatua sita kutoka kwake, nikaendelea kuvuta kiganja, rudi, rudi, uso wangu umetulia. Mfupi mwenyewe alijichomoa, akaacha kiatu. Paka alikuwa amemfuata miguuni, yeye hakuwahi kutoka.

Wakaniuliza, hukusikia? Nikasema nilisikia, ila nilidhani anamfokea paka. Uongo ulikuja wenyewe, mwepesi kama mate. Na kwa kuwa paka "alifokewa" na hakusogea, basi watu wakasema kumbe alikuwa kiziwi. Nikalishika hilo kama mtu anayezama. Dada, siku zote zile nikimpigia Unga kifuniko nilikuwa naomba awe kiziwi. Mtoto mdogo yule, na mimi naomba awe na kasoro, ili mama yake awe alikuwa nayo, ili mimi nisiwe nayo. Naona aibu kuliandika.

Haya, jana. Lori likafika saa tatu. Mashine ikazimwa, nyayo zangu zikawa hazina kitu. Nikasimama mahali pangu. Dereva akatoa kichwa dirishani, nikanyanyua kiganja, nikavuta. Magurudumu yakaanza kunijia. Mfupi akapita mbele yangu na gogo lake begani, akanigusa kifua kwa utani, akaingia upande wa ukuta. Lori likamfunika, sikumwona tena. Ningeweza tu kumsikia.

Nilivuta kiganja mara mbili. Mara ya tatu mkono ukakataa. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi. Kila nilichokuwa naona ni bati la nyuma la lori linakuja, na huko nyuma yake ama kuna mtu anaweka gogo kwa amani ama kuna mtu anapiga kelele, na kwangu yote mawili ni kitu kimoja. Nikanyanyua ngumi. Nikaishika juu. Dereva akasimama, akafungua mdomo akaongea, sikujua anasema nini, nikazidi kushika ngumi juu mpaka Mfupi akatokea mwenyewe kutazama kuna nini. Mzima, gogo mkononi.

Nikawaambia wote pale pale. Nikasema sisikii, sijasikia tangu mwaka jana, na tarehe sita sikusikia. Sijui nilisema kwa sauti ya ukubwa gani. Watu walirudi nyuma hatua moja, nadhani nilipiga kelele.

Mfupi aliweka gogo chini taratibu. Akanikamata shati, akanisukuma mpaka kwenye ukuta, ule ule. Aliongea muda mrefu karibu na uso wangu, mate yananirukia, na midomo yake ilikuwa inatetemeka hivyo sikuweza kuisoma. Halafu akaniacha, akaenda kukaa kwenye magunia peke yake. Hajanisamehe. Alipokuwa anaondoka alinipungia mkono, lakini hakunitazama.

Tajiri amenitoa uwanjani. Kwenye jiwe amesema nibaki mpaka apate mtu, na akipata mtu tutaongea. Sikuweza kusoma usoni kwake atatafuta kwa haraka au polepole. Nilimwambia pia kwamba Unga ni kiziwi na hatatupwa, anakaa kwangu. Hilo alilipuuza, nadhani viziwi wawili kwa siku moja walimtosha.

Jioni nilimkalisha mke wangu kwenye kiti mbele yangu, taa ikiwa usoni kwake. Nikamwambia simsikii. Nikamwambia kila nilipokuwa nasema "sawa" nilikuwa nabahatisha. Akasema najua. Hiyo niliisoma vizuri. Kisha akasema jambo refu zaidi, ghafla, akiwa analia, na mtu akilia midomo huharibika. Nilitaka kutikisa kichwa kama siku zote, kichwa kilishaanza. Nikajizuia. Nikasema, "Sijasikia. Rudia."

Akarudia. Sikulipata. Nikasema tena, rudia. Alikuwa na haki ya kuchoka, Dada, wala hakuchoka. Mara ya tatu akachukua mkono wangu akauweka tumboni kwake, akasema neno moja tu.

 Nimecheka, nimelia, nimembeba, ameniambia niache nitamwangusha. Miaka sita! Na mimi nikaleta chumvi. Amenieleza habari ya chumvi, nimemwomba radhi kwa magoti.

Lakini leo mchana aliondoka kwenda kwa mama wa chumba cha pili, nikabaki na Unga. Akaja akasimama mbele yangu, akafungua mdomo. Nilikuwa nimemtazama kwa bahati tu. Ningekuwa nimegeukia dirishani angelia hivyo hivyo, na mimi ningekaa nimetulia, nikikunja shati langu, nikidhani nyumba ina amani. Nimeogopa kuliko jana mbele ya lori.

Njoo upesi, twende kwa huyo daktari. Na wewe uliyetulea wote, niambie ukweli bila kunionea huruma: mtoto akilia, nitajuaje?

Mdogo wako,
Kitinda